Muhogo Uliotoka Buffalo

Jina la baba mkwe wangu silitaji. Kwetu mwanamke hatamki jina la baba wa mumewe, na ingawa hapa Louisville hata mchungaji anaitwa kwa jina tupu kama mtoto wa jirani, ulimi wangu bado haujapata uraia. Wengine watalitaja humu ndani, mtalisikia. Mimi nitamwita Baba.

Baba alikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, na kambini alikuwa fundi baiskeli. Wateja wake walisema gurudumu lililopinda alilinyoosha kwa kulitazama tu, na yeye hakuwakatalia. Mashamba aliyaona akiwa juu ya baiskeli, yakimpita pembeni. Muhogo alikutana nao ukiwa umeshachemka. Majani yake, yaani sombe, alikutana nayo yameshatwangwa, yameshapikwa na mawese, yametulia kwenye sahani yakimngoja. Ukimuuliza habari za sombe atakueleza kwa kirefu, kuanzia pale inapoingia mdomoni. Habari za kabla ya hapo zilikuwa za marehemu mkewe, na marehemu aliondoka nazo.

Tunakaa Newburg, apatimenti ya chini. Nyuma ya jengo kuna kipande cha ardhi kati ya ukuta na mapipa ya taka, na meneja amekisahau kabisa. Reginaldi, mume wangu, anapakia maboksi kwenye ghala upande wa Okolona. Baba naye alipakia hapo mpaka goti likagoma. Tangu siku hiyo akawa mtu wa nyumbani, wa kanisani na wa simu. Na simu ndiyo iliyotuletea Mama Bagula.

Mama Bagula ni mjane wa Bukavu, anaishi Columbus, Ohio, kwa kaka yake Mugisho. Jina lake ni Gracieuse. Baba alimwona mara ya kwanza huko Columbus kwenye harusi ya watu wa kanisa. Wageni wote walikuwa wanakula na kusifia, kama inavyopasa. Mama Bagula akaonja sombe, akasukuma sahani, akasema kwa sauti ya mtu aliye kwake:

“Hii sombe iko na ladha ya mfuko.”

Alikuwa anasema kweli. Sombe tunayokula Amerika inakuja imeganda kwenye mfuko wa nailoni, imesafiri kuliko sisi. Lakini hakuna anayesema hivyo harusini, bibi harusi akiwa anakusikia. Watu walitazama chini. Baba alimtazama yeye, na nadhani hata shukrani za wazazi hakuzisikia tena.

Basi zikaanza simu. Baba akipiga simu anaweka spika, halafu anaishika mbele ya mdomo kama anataka kuila, kwa hiyo mapenzi yake tuliyasikia sote, pamoja na jirani wa juu. Siku moja nikiwa naosha vyombo nikamsikia anamaliza hotuba ndefu juu ya upweke, na Mama Bagula anamjibu:

“Bon, Samsoni, mi sikatai. Lakini siku weye utanipikia sombe mbichi, ya kwa shamba yako, siku ile nitakuya na kaka yangu tuongee.”

Nilicheka hapo kwenye sinki. Mwanamke alikuwa anamtania, hata sahani zilijua. Muhogo unataka joto mwaka mzima, na hapa Kentucky baridi ya kwanza ya Oktoba inaua kila kitu isipokuwa bili. Baba hakucheka. Alikata simu, akakaa anatazama dirisha kama mtu aliyepewa kazi.

Mwisho wa Aprili, mwaka 2014, tulikwenda Cheektowaga, pale Buffalo, kwa Eliezer, mtoto wa shangazi yake Baba. Alikuwa anambatizisha mtoto wake. Nyumba yake iko karibu na uwanja wa ndege, wakati wa kula unasubiri ndege ipite ndipo uombe chumvi. Theluji ilikuwa bado imerundikwa pembeni mwa maegesho, nyeusi kama mkaa. Hakuna jani popote. Baba akatoka kunyoosha goti, na baada ya kidogo nikamsikia ananiita kutoka kwenye uzio.

“Mama Angelika, njoo uone.”

Angelika ni binti yangu. Nikambeba, nikaenda.

Upande wa pili wa uzio, chini ya mti wa tufaha usio na jani hata moja, kulikuwa na kichaka kidogo cha kijani. Majani yake machanga yalikuwa yanafunguka, vidole vyote vimetoka mahali pamoja na kutawanyika kama kiganja.

“Unaona?” Baba akasema.

“Naona, Baba.”

“Ni nini?”

“Ni majani, Baba.”

“Ni sombe.”

Nikatazama tena. Vidole ndivyo, siwezi kusema uongo. Lakini muhogo ninaoujua una mti, unasimama kumpita Reginaldi. Hiki kilikuwa kinatoka ardhini moja kwa moja kama nyasi, hakifiki magotini, na katikati yake kulikuwa na maua yameinamisha vichwa, rangi ya jeraha la juzi.

“Ni mfupi, Baba,” nikasema.

“Baridi hiyo. Hata wewe ungezaliwa Buffalo ungekuwa mfupi.”

Mkwe habishani.

Mwenye bustani alikuwa bibi wa Kipolandi, Bi Halina, kilemba kichwani kama cha kwetu, na Kiingereza chake kilikuwa kama cha Baba, maana yake hakikuwepo. Baba akaelekeza kidole kwenye jani, akaelekeza mdomoni, akajipapasa tumbo. Bi Halina akashtuka. Akajikaba koo kwa mikono miwili, akatoa ulimi, akageuza macho, akaegemea uzio akitetemeka mpaka nikatafuta simu niite gari la wagonjwa. Halafu akasimama wima, akatikisa kidole mbele ya pua ya Baba.

“Umeona?” Baba aliniambia kwa furaha. “Muhogo mchungu.”

Hapa lazima nieleze, maana bila hili mtamwona Baba mjinga, na yeye si mjinga, ni mbishi. Sisi tumekula sumu maisha yetu yote. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, na mizizi ya ule mchungu ndiyo usiseme. Kambini kila mtu alimjua mtu aliyekula haraka akazikwa haraka. Ndiyo maana sombe inatwangwa mpaka bega liume, inachemka sufuria ikiwa wazi mvuke utoke, na hakuna anayeogopa. Ukimwambia Mmarekani kwamba jani lina sumu, anakimbia. Ukimwambia mtu wa kwetu, anauliza linachemka kwa muda gani.

Baba aliendelea kuomba kwa mikono na kwa macho. Bi Halina alimtazama, akacheka, akaleta uma wa bustani, akachimba donge zima na udongo wake, akalitia kwenye ndoo. Alipomkabidhi alijikaba koo tena, kidogo tu, kwa kukumbushia.

Tulirudi kwa gari ya Reginaldi, ndoo ikiwa katikati ya miguu ya Baba. Njia inapita Columbus. Nilidhani tutasimama kumsalimia Mama Bagula, hata kanga nilikuwa nimebadilisha. Baba akasema twende. Tulipokuwa tunapita mji alijiinamisha mpaka kichwa kikagusa majani, kama vile mwanamke yule anakaa juu ya daraja anahesabu magari.

“Atauona ukishakua,” akasema.

Nyumbani akaupanda katikati ya jua, kwa sababu muhogo unapenda jua. Kufika Juni majani yamelala kama nguo zilizoanguka kwenye kamba. Baba akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, akamsoma Ayubu. Mimi nilikuwa nimeuona kule chini ya mti wa tufaha, kwenye kivuli na majani yaliyooza, nikajua kinachomsumbua mgonjwa. Lakini nitamwambiaje mzee kwamba muhogo wake hautaki jua, wakati nilikuwa hata siamini kwamba ni muhogo?

“Baba,” nikasema, “wale vijana wa mashine ya nyasi wanakuja Alhamisi. Huwa wanapita hapo hapo.”

Hawajawahi kupita hapo. Baba akauhamisha siku hiyo hiyo, nyuma ya ukuta, chini ya mti mkubwa wa jirani ambako jua linafika likiwa limechoka. Nikamwaga hapo majani makavu niliyoyakusanya kwenye mfereji, nikisema nafagia. Ukapona. Baba akaeleza kanisani kwamba muhogo wa Amerika tabia zake ni tofauti.

Novemba majani yote yakafa. Hata shina halikubaki. Baba alivaa koti jeusi siku ile, akasema ni baridi tu.

Halafu mwanzoni mwa Machi 2015 Louisville ilipata theluji ya kufunga shule na barabara. Ilipoanza kuyeyuka nikatoka kutupa taka, nikaona nyuma ya ukuta vichwa vidogo vimetoboa theluji, vimeinama, zambarau iliyochoka kwa nje. Nikavigeuza juu kwa kidole, ndani vilikuwa kijani. Nilikaa pale nimechuchumaa, taka mkononi, nimesahau nilichofuata. Majirani wote walikuwa wamefunga mapazia. Nikaenda kumwita Baba.

Yeye hakuchuchumaa. Alipiga simu.

“Muhogo wangu umetoa maua kwenye theluji,” akasema.

Kule Ohio tukasikia redio inazimwa.

“Samsoni, umekunywa?”

“Mimi mlokole.”

“Bon,” akasema Mama Bagula. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeshindwa kucheka. “Ikitoa majani, tutakuya.”

Wakapanga Jumamosi moja ya Mei. Mugisho angemleta dada yake. Kwa Baba hakukuwa na kitu kingine tena duniani: sombe ile ikipikika, anaoa. Isipopikika, atabaki na simu. Akanunua suti.

Mimi ndiye ningepika. Kwa hiyo nikachuma jani moja na ua moja, nikampelekea Mis Doroti, mama mmoja mzee wa kujitolea kwenye bustani ya wakimbizi nyuma ya kanisa. Alivaa kofia kubwa kama meza. Akatazama, akavua miwani, akavaa tena.

“Hii ni helebori,” akasema, “na usile.”

Kumbe yeye ana helebori nyingi, za dukani, maua makubwa kama visosi. Hii yangu ilimsumbua. Alisema zake zina majani hata Krismasi, yangu yanakufa. Alisema helebori nyingi vidole vyake vinatoka kwenye kijitawi kilichopinda, hii yangu vinatoka nukta moja. Akaipiga picha, akaiweka kwenye kikundi cha watu wa helebori kwenye simu. Sikujua kama watu hao wapo. Wapo. Watu wazima, wenye nyumba na wajukuu, walitukanana kwa adabu wiki nzima juu ya jani letu la Newburg. Mmoja alisema haiwezekani, mwingine akasema huyo wa kwanza hajawahi kusema kitu cha kweli tangu ajiunge. Mwishoni mmoja akaandika: geuzeni jani, pitisheni kidole chini yake, kuna vinyweleo? Nikapitisha. Vilikuwepo, laini kama vya shingoni mwa Angelika. Basi wakakubaliana, isipokuwa yule wa kwanza: helebori purpurasensi, ya porini, ya milima ya huko kwao Bi Halina, na wenye kuipanda kwenye bustani ni wachache kwa sababu haina umbo la kujionyesha. Mis Doroti alifurahi akanikumbatia. Akaniambia kuiotesha kwa mbegu ni kazi, mbegu inataka kupigwa na baridi kwanza, na kungoja ua ni miaka. Halafu nikamweleza mpango wa Baba, akanishika mkono.

“Inasimamisha moyo,” akasema. “Mwambie mzee.”

Nilimwambia Reginaldi amwambie.

“Mwambie wewe,” akasema. “Wewe ndiye ulikwenda kwa Mis Doroti.”

“Mimi ni mkwe.”

“Na mimi ni mtoto. Unataka nimwambie baba yangu asioe?”

Nikaenda mwenyewe, nimeshika kikombe cha chai ili mikono iwe na kazi.

“Baba, Mis Doroti anasema lile jani ni helebori purpurasensi, na lina sumu.”

“Si nilikuambia? Mchungu.”

“Anasema linapiga moyo.”

“Moyo wangu ulishapigwa Columbus,” akasema, akapokea chai. Lakini niliona hakuinywa. Aliitazama mpaka ikawa na ngozi juu.

Ile Jumamosi Baba aliamka mapema akachuma mwenyewe. Kichaka kizima kilitoa majani ya sufuria ya mgonjwa. Akayaleta kwenye bakuli, amevaa suti, akaniwekea mbele kama zawadi.

“Itwange vizuri sana,” akasema. “Vizuri kuliko kawaida.”

Nikatoa kinu nje kwenye saruji. Nilipotwanga kidogo tu, harufu ikanipanda, si harufu ya sombe, ni harufu ya kitu kinachokuambia uondoke. Maji yake yakanirukia mikononi na katikati ya vidole kukaanza kuchoma kama pilipili. Sombe imeniumiza bega maisha yangu yote, haijawahi kuniunguza. Nikasimama napuliza vidole, na Angelika akatokea mlangoni na mwiko wake mdogo, kama anavyofanya kila nikitwanga. Anapenda kuchovya mkono kwenye kinu na kujilamba. Alikuwa tayari ameinua mkono.

Nilimnyanyua mkono wake ukiwa bado hewani. Akalia kwa hasira, mimi nimembana. Heshima yangu ya mkwe iliishia hapo, kwenye saruji, na wala haikupiga kelele. Nilifunga yale majani ndani ya mifuko miwili, nikayatupa kwenye pipa, kinu nikakimwagia maji ya moto na kukigeuza ukutani kama mtoto mkorofi. Nikajiosha mpaka viwiko. Halafu nikafungua frizi, na chini ya samaki nikatoa mfuko wa sombe. Nikaipika na karanga na mawese, nikaipika kwa upendo wote nilionao, nikiomba ladha ya mfuko ijifiche siku moja tu.

Wakafika. Mugisho ni mtu mpana, alizunguka gari lake kwanza kuona kama Newburg haijaligusa. Mama Bagula alikuwa amevaa kitenge cha kijani, akanipa mkono, akatazama vidole vyangu vyekundu, akaingia ndani.

Nikaandaa meza. Kwetu na kwao desturi ni moja: chakula au kinywaji, anayeonja kwanza ni mwenye nyumba, ili mgeni aone kwamba hakuna hila. Baba akajichotea sombe. Kijiko kikakaa mbele ya mdomo wake muda. Akala. Akameza kwa kusukuma, kama anayemeza dawa ya minyoo. Mugisho akanyoosha mkono kwenye sahani.

“Tuombe,” akasema Baba.

Aliomba. Aliombea safari ya wageni, kwenda na kurudi. Akaombea barabara zenyewe, Kentucky na Ohio. Akaombea marubani wa Cheektowaga. Akaombea mahakimu, wauguzi, wafungwa, watu wa hali ya hewa. Mugisho akasema “Amina” kumsaidia atue. Baba akaruka kwa serikali ya Tanzania. Nilifungua jicho moja, kwa sababu mimi nina tabia hiyo, nikaona Baba ameweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake mwingine, na jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Sombe ilishapoa alipofika kwa yatima na akaona inatosha.

“Amina,” akasema polepole, akatusikiliza kidogo, kama kwamba jibu linaweza kutoka tumboni. Halafu akawapakulia.

Mama Bagula akaonja. Akatafuna. Akaweka kijiko chini.

“Hii imetoka kwa frizi.”

“Haiwezekani,” Baba akasema. “Nimeichuma mwenyewe asubuhi.”

“Samsoni, mi na hii mfuko tunajuana.”

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimesimama mlangoni, mikono ndani ya kanga.

“Baba,” nikasema, “ile nimeitupa.”

“Umeitupa?”

“Imeniunguza mikono. Na Angelika alitaka kuilamba.”

Nilingoja. Tangu niolewe hajawahi kunipandishia sauti, na nilidhani leo ndiyo leo. Baba akakaa chini kama tairi inayotoka upepo.

“Mungu asifiwe,” akanong’ona.

Mama Bagula ana masikio mazuri.

“Unashukuru nini?”

Baba akafuta jasho kwa tai.

“Donc, kumbe ulikuwa unajua,” akasema mwanamke.

“Nilikuwa sijui. Nilikuwa na wasiwasi.”

“Na ukakula.”

“Mwenye nyumba anaonja kwanza.”

“Na mi? Ungeniacha nikule?”

Baba akainamisha kichwa, sawasawa na yale maua.

“Ndiyo maana niliomba kwa kirefu,” akasema. “Ningeanguka kabla ya Amina, msingekula.”

Mugisho akaacha kutafuna.

“Yaani sisi hapa tulikuwa tumefumba macho tunangoja kama mzee atakufa?”

“Kwa kifupi,” akasema Baba.

“Tuende,” Mugisho akasimama, funguo za gari mkononi. “Gracieuse, tuende. Wengine wanaleta mbuzi. Huyu ameleta sumu.”

“Keti, Mugisho. Sumu iko kwa pipa.” Hakumtazama hata. “Samsoni, nionyeshe hii kitu yako.”

Tukatoka sote, na Reginaldi aliyekuwa anajifanya anatengeneza taa akatufuata. Nyuma ya ukuta kichaka kilikuwa kimebaki vishina tu, na vifuko vya mbegu ambavyo Baba hakuvigusa. Akapiga goti, lile bovu, na uso ukakunjamana.

“Si sombe,” akasema.

“Naona.”

“Inaitwa helebori. Jina la pili limenishinda, Mama Angelika analijua. Hailiwi. Haiuzwi. Haitaki jua. Inatoa maua kwenye theluji wakati hakuna mtu nje wa kuyaona, basi.” Akafikiri kama kuna lingine. “Muhogo sina. Na sijui kuulima. Nilidhani nitajua nikishaupata.”

Mama Bagula alikunja mikono. Ndege ya mizigo ikapita, tukaingoja.

“Mi nilikuwa nakutania,” akasema. “Kila mwanaume akinipigia simu namwambia vile. Niletee sombe mbichi. Mmoja alicheka, akapotea. Mwingine wa Indiana alinunua ya mfuko, akaitia kwa kikapu na udongo juu, akaniapia ni ya shamba. Weye tu ndiye ulienda kwa kweli.” Akakitazama kichaka. “Ukaleta kitu ya kutumaliza, lakini ulienda.”

“Nilikwenda,” Baba akakubali.

“Na ukaonja mbele.”

“Nilionja.”

“Kaka,” Mama Bagula akamgeukia Mugisho, “si ulisema leo unataka kuongea naye maneno ya wanaume? Ongea.”

Mugisho akapumua kwa pua. Alitazama ukuta, alitazama mapipa, alitazama suti ya Baba iliyojaa udongo magotini. Ndani yake alikuwa anatafuta namna ya kukataa isiyo ya aibu, na hakuipata, kwa sababu shahidi wa kwanza alikuwa dada yake mwenyewe.

“Nitaongea,” akasema. “Lakini hapa nyumbani sikuli tena kitu. Nipatieni soda iliyofungwa, na nitaifungua mimi.”

Reginaldi akakimbia kuleta. Tukaketi palepale nje, kwenye viti vya plastiki, mimi kwenye ngazi na Angelika mapajani, bado amenuna kwa ajili ya kinu. Mugisho akaichunguza chupa, akatazama kizibo juu na chini, akakifungua kwa pete ya funguo za gari. Akamimina glasi moja, akaiweka katikati ya meza.

Baba akanyoosha mkono kuichukua. Ni nyumba yake, aonje.

Mama Bagula akamwahi. Aliinua ile glasi, akanywa funda kubwa mbele ya kaka yake na mbele yetu sote, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge, ndipo akampa Baba. Baba aliipokea kwa mikono miwili, na sikumwona akishika tena mapigo ya mkono wake.

Mugisho aliangalia glasi ikipita. Akaweka funguo za gari mezani.

“Bon,” akasema, akavuta kiti. “Tuanze na kanisa. Ndoa mtafungia Columbus au hapa?”